UMEKABIDHI JEMBE, USIKABIDHI NA MIGUU

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja dogo. Kunja mikono yako kifuani. Sasa inuka hapo ulipokaa. Usishike ukuta. Usisukume kiti kwa mikono. Inuka kwa miguu yako tu.

Je, umeweza? Kama umeweza bila taabu, vizuri. Kaa, tuendelee. Kama umeshindwa, au umeinuka huku unaguna na kushika goti, basi makala hii ni yako. Lakini hata wewe uliyeweza, usiende. Mama yangu naye alikuwa anaweza.

Mimi ni Bwana Shamba. Nilisomea cheti cha kilimo huko Ukiriguru. Kwa miaka zaidi ya 20 nimezunguka vijijini huku Usukumani nikizungumza na wakulima juu ya pamba, mpunga na mihogo. Mwezi huu sitazungumza juu ya pamba. Nitazungumza juu ya miguu ya mkulima aliyeanza kuzeeka.

KITI CHA MAMA

Mama yangu alianza kulima akiwa msichana mdogo. Amelima pamba, mtama na viazi vitamu kwa jembe la mkono. Alipofika miaka 66, mgongo ulianza kumsumbua. Asubuhi alikuwa akiamka anashika kiuno, anasimama kwanza, ndipo anatembea.

Sisi watoto wake tuko wanne. Tulikaa kikao. Tukasema, mama amechoka, sasa apumzike. Huo ulikuwa mwaka 2019.

Tulifanya nini? Tulimnyang'anya jembe. Shamba tukalima kwa plau. Mjukuu mmoja akapewa kazi ya kuchota maji. Mwingine akapewa kuni. Mwingine akapewa ufagio. Mimi mwenyewe nilikwenda mnadani nikanunua kiti cha plastiki, kile chenye mikono ya kuegemea. Tukakiweka chini ya mwembe. Chakula kilimfuata mama hapo. Maji ya kunawa yalimfuata hapo. Wageni walitusifu. Walisema, "Hawa watoto wanajua kutunza mzazi." Nasi tulifurahi.

Mama hakufurahi sana. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mnanifuga." Nilicheka. Nilidhani anatania.

Mwaka wa kwanza ulipita. Mgongo ulipungua kuuma, hilo ni kweli. Lakini tuliona mambo mengine. Mama alianza kuinuka kwa kusukuma mikono ya kiti. Kisha akaanza kumwita mtoto amvute mkono. Alipokwenda chooni alishika ukuta. Kwenda kumsalimia dada yake, ambako alikuwa akienda na kurudi kabla ya jua kuwa kali, akaacha. Alisema njia imekuwa ndefu. Njia ni ileile.

Mwezi Machi 2021 mvua ilinyesha usiku. Asubuhi mama alikanyaga tope mlangoni pa jiko. Aliteleza. Mtu mwenye miguu yenye nguvu huteleza, hupepesuka, hupiga hatua mbili, husimama. Mama alianguka palepale. Alitanguliza mkono, ukavunjika kwenye kifundo.

Hospitali walimfunga hogo. Baadaye tukapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa kijana tu. Alimwambia mama asimame bila kushika kitu. Mama alishindwa. Akaniuliza mimi, "Kabla ya kuvunjika, bibi alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikajibu kwa majivuno, "Hafanyi kazi yoyote. Tumempumzisha."

Aliniangalia. Kisha akasema taratibu, "Mkono utapona. Miguu ndiyo mmeiharibu."

Ndugu msomaji, maneno yale yaliniingia. Mimi ni mtu wa kufundisha. Nilijua jembe lisilolimiwa hushika kutu. Nilijua dume la plau likifungwa zizini mwaka mzima, siku ya kulifunga nira halivuti. Lakini kwa mama yangu sikufikiri hivyo.

PAMBA JUU YA PAMBA

Mwili una misuli, yaani ile nyama inayovuta mifupa. Mtu akipita miaka 30 na kuelekea 40, misuli huanza kupungua kidogo kidogo. Akipita miaka 60 hupungua kwa haraka zaidi. Mifupa nayo hupoteza ugumu wake, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi. Huo ni uzee, wala hauzuiwi. Lakini misuli inayotumiwa hupungua polepole. Misuli inayokaa bure hupungua mbio. Na jambo la kufurahisha ni hili: hata misuli ya mzee wa miaka 80, ukiipa kazi kidogo kidogo, huongezeka nguvu.

Viungo, kama goti na nyonga, vina ute ndani yake, mfano wa mafuta kwenye mhimili wa gurudumu. Ute huo huenea mtu anapotembea. Ndiyo maana ukikaa muda mrefu goti hugoma, na ukitembea kidogo hulainika.

Sasa utaniuliza, "Bwana Shamba, mbona mama yako alilima miaka 50 na bado mgongo ukamuuma? Je, kazi haikumtosha?"

Swali zuri. Kazi ilimtosha sana. Lakini ilikuwa kazi ya namna moja. Kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, siku nzima, miaka yote. Wewe mkulima unajua shamba linalopandwa pamba juu ya pamba kila mwaka. Udongo huchoka upande mmoja. Wadudu wa pamba huzoea hapo. Mavuno hushuka. Mimi nikija nakwambia nini? Sikwambii, "Acha kulima." Nakwambia, "Badilisha. Mwaka huu pamba, mwakani choroko au dengu, kisha mtama."

Mwili ni hivyo hivyo. Kumnyang'anya mama jembe halikuwa kosa. Kosa ni kwamba hatukumpa kitu kingine. Tulitoa pamba, tukaliacha shamba lote liote magugu.

MTU WA PIKIPIKI

Usidhani haya ni ya wazee peke yao. Mimi nina miaka arobaini na kitu. Mwaka 2014 nilipewa pikipiki ya kazi. Kabla ya hapo nilikuwa natembea kwa miguu na kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji. Baada ya kupata pikipiki, nilitembea kutoka pikipiki mpaka kwenye kivuli cha mwenyeji wangu. Basi.

Mwaka huo huo mama alipovunjika, mkulima mmoja aliniita nikaone mihogo yake. Shamba lake liko juu ya kilima cha mawe, pikipiki haifiki. Mzee yule ana miaka 68. Alipanda mbele yangu akiongea. Mimi nilifuata nyuma nikihema kama mbwa wa mchana. Mara mbili alisimama kunisubiri. Mara ya pili alinitazama akasema, "Pole mwanangu, serikali imekupa chombo kizuri."

Njiani kurudi niliwaza. Mwezi Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa kwetu Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha. Ni maili 138, yaani zaidi ya kilomita 220. Alikuwa na miaka 45. Alikuwa Rais, na magari yalikuwapo. Na mimi, wa umri ule ule, nilikuwa nimeshindwa na kilima cha mihogo.

WAHADZA HAWAKAI KITINI

Si mbali na wilaya ya Meatu, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza. Wengi wenu mmewasikia. Ni watu wa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Akina bibi wa Kihadza huenda porini kuchimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, hata wakiwa na umri mkubwa. Mara nyingi wao ndio wachimbaji hodari, na mizizi yao huwalisha wajukuu.

Watafiti waliwafunga Wahadza vifaa vidogo vya kupima mwendo wa mwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Watu wengi wangedhani Wahadza hawapumziki. Sivyo. Walikutwa wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, mbali na usingizi. Hiyo ni sawa na watu wa nchi tajiri wanaofanya kazi za ofisini! Tofauti iko wapi? Kwanza, wanapofanya kazi, hutembea sana na kutumia nguvu. Pili, namna yao ya kupumzika ni nyingine. Hawana viti vya kuegemea. Hukaa chini, hupiga magoti, na kwa saa kama 2 kwa siku huchuchumaa. Anayechuchumaa misuli ya miguu yake inafanya kazi kidogo. Anayeegemea kiti, misuli yake imelala kabisa. Na wazee wachache sana kati yao wana shinikizo kubwa la damu, tunaloliita presha.

Niliposikia habari hizi nilikikumbuka kile kiti changu cha mnadani.

TULICHOFANYA NYUMBANI

Mkono wa mama ulipopona, tulikaa kikao kingine. Safari hii mama mwenyewe aliongoza. Alisema jembe la pamba halitaki tena, lakini anataka kuku wake.

Nikamjengea banda la kuku wanane. Nililiweka makusudi upande wa pili wa uwanja, hatua kama 60 kutoka mlangoni. Ndugu zangu walilalamika. Walisema kwa nini lisiwe karibu? Niliwaambia wasubiri. Kuku hufunguliwa asubuhi, hupewa maji, hupewa pumba, mayai huokotwa, jioni hufungiwa. Hesabu mwenyewe ni hatua ngapi kwa siku. Mwezi wa kwanza mama alikwenda na fimbo na mjukuu. Mwezi wa tatu alikwenda na fimbo tu.

Kisha nikamtengenezea bustani ya gunia. Hii ni kazi yangu, kwa hiyo niieleze vizuri. Chukua gunia. Weka kopo lisilo na kitako katikati, ujaze kokoto ndani ya kopo. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza kuzunguka kopo. Vuta kopo juu kidogo, ongeza kokoto na udongo, mpaka gunia lijae. Mstari wa kokoto katikati ndio njia ya maji. Toboa matundu ubavuni na upande mchicha, sukuma wiki au chainizi. Gunia likijaa hufika kiunoni. Mzee hupalilia akiwa amesimama. Hainami. Mgongo unapona, mikono inafanya kazi, miguu inasimama. Na mboga inaliwa.

Maji ya bustani mama huyabeba mwenyewe. Si kwa ndoo ya lita 20, maana hiyo ni kilo 20, mzigo wa kijana. Hubeba vidumu viwili vya lita 3, kimoja kila mkono. Mwanzoni alijaza nusu. Mzigo uliogawanywa pande mbili haumpindishi mtu.

Na kuinuka? Yule kijana wa hospitali alimfundisha kuinuka bila mikono. Mwanzoni tuliweka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, akawa anainuka mara tatu. Kisha mara tano. Kisha tukaondoa mto. Ilichukua miezi mingi. Sitakudanganya, mama hajarudi kuwa kama zamani. Bado ana fimbo, na mlima hapandi. Lakini kwa dada yake anakwenda, na hurudi kabla ya jua kuwa kali.

NA WEWE JE?

Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka 2020. Linasema mtu mzima, na mzee pia, atembee au afanye kazi ya kumpandisha pumzi kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Usiogope hesabu hiyo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Waweza kuigawa, dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Utajuaje kama mwendo unatosha? Ongea. Kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Kama unaimba vizuri, kaza mwendo. Kama huwezi hata kuongea, punguza.

Shirika hilo linasema pia kwamba mwendo peke yake hautoshi. Siku mbili au zaidi kwa wiki misuli ipewe kazi ya nguvu. Na waliotimiza miaka 65 wafanye mazoezi ya namna mbalimbali siku tatu au zaidi kwa wiki, hasa ya nguvu na ya kusimama imara, ili wasianguke. Ni ule ule mzunguko wa mazao.

Mkulima anayelima kila siku ana nguvu tayari, lakini mara nyingi hana kusimama imara. Asimame karibu na mti au nguzo, ainue mguu mmoja, ahesabu mpaka 10, kisha mguu wa pili. Mkono uwe karibu na mti, tayari kushika. Akizoea, apite juu ya tuta akiweka kisigino mbele ya vidole, mguu kwa mguu, kama watoto wanavyocheza. Watu watacheka. Waache wacheke.

Mwenye duka, fundi cherehani na dereva wa bodaboda wana shida nyingine. Wao hukaa. Wao wanahitaji kutembea na kubeba. Fundi, kila ukimaliza nguo moja, inuka uzunguke nyumba. Wewe wa bodaboda, mama akishuka na gunia lake, mbebee mpaka ndani.

Mama unayefagia uwanja kwa ufagio mfupi umeinama, funga ufagio kwenye mti mrefu. Wewe unayelima, tafuta mpini mrefu wa jembe. Mgongo wako utashukuru.

Na ngoma! Huku kwetu tuna bugobogobo, ngoma ya majembe. Anayecheza ngoma anatembea, anachuchumaa, anageuka, anasimama kwa mguu mmoja, anahema, na anacheka. Mambo yote kwa wakati mmoja, na hakuna anayeona kuwa ni mazoezi. Nimewaona wazee ambao kwenye mkutano wa kijiji hulalamika magoti, lakini ngoma ikilia kwenye harusi huwaoni vitini. Basi ngoma zisisubiri harusi. Vikundi vya wazee vinaweza kukutana mara moja kwa wiki, jioni, bila pombe, na kucheza nusu saa.

TAHADHARI

Kama umekaa muda mrefu bila kazi, anza kidogo. Usianze leo kwa kupanda kilima. Kama una presha, kisukari, au ulipata kuumwa moyo, nenda kwanza zahanati ukapimwe na uulize kazi gani inakufaa. Presha mara nyingi haina dalili, kwa hiyo hata anayejiona mzima apime.

Ukiwa kazini na kifua kikabana, au kizunguzungu kikakushika, au pumzi ikakatika, acha mara moja. Kaa kivulini, mwite mtu, uende kwa mganga. Goti likivimba na kuwa la moto, lipumzishe. Maumivu kidogo ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Hupita.

Kunywa maji hata kama huna kiu, maana mzee huchelewa kusikia kiu. Na misuli haijengwi kwa ugali mtupu. Kula dagaa, maharage, choroko, mayai au maziwa, chochote kinachopatikana kwako.

Na ninyi vijana mnaomtunza mzee, msimkataze kazi kabla ya kumuuliza. Ondoeni vitu vya kumwangusha: tope la mlangoni, kamba za mbuzi, kandambili zilizochakaa. Mwekeeni taa njia ya chooni. Halafu mwacheni atembee.

Kile kiti bado kiko chini ya mwembe. Wageni ndio wanaokikalia. Mama hukaa kwenye kigoda chake cha mti, na huinuka mwenyewe. Nikifika na pikipiki mpaka mlangoni kwake, huniuliza kama nimesahau kwamba nina miguu. Sasa naizima barabarani, nainyonga pole pole mpaka uwanjani, na kuku wanakimbia.